Banda Lisilo na Pembe

Jirani yangu hapa Kampemba anafuga nguruwe nyuma ya nyumba, na huwalisha machicha ya pombe ya mahindi anayoletewa kwa pipa. Mvua ikinyesha, harufu ya machicha yale hupanda juu ya ukuta na kuingia jikoni kwangu, harufu ya mahindi yaliyochacha, kali na tamu kwa pamoja. Wajukuu hukimbilia kufunga madirisha. Mimi huwaambia wayaache. Naketi, mikono juu ya meza, bila kuwaza kitu. Sisi tuliokulia hapa mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville kila mtu ana harufu yake. Wengine wana moshi wa kiwanda cha shaba, wengine wana samaki wa Kasenga waliofika sokoni barafu ikiwa imeshayeyuka. Yangu ni hii, na niliipata katika banda la ng'ombe la duara alilolijenga baba yangu mwaka ule mama alipokufa. Ila mimi sikujua kwamba amekufa.

Baba alikuwa mwashi. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi mjini, nyumba ya matofali yenye chumba cha mbele na chumba cha nyuma, nyumba inayofanana na zote za mstari wetu, na za mstari uliofuata. Mama hakuipenda. Alizaliwa upande wa Kasenga, ambako ng'ambo ya mto ilikuwa Rhodesia, katika nyumba ya duara ya miti na udongo, na kila asubuhi alipofagia alinung'unika juu ya pembe za chumba. Alisema pembe hukusanya vumbi, buibui na panya, na mtu analazimika kupiga magoti kuzisafisha. Kwao ufagio ulizunguka mara moja tu, uchafu wote ukatoka mlangoni. Jioni baba akila, mama alimwambia kwamba ipo siku amjengee nyumba isiyo na pembe. Baba alicheka, akasema wazungu hawataki nyumba za duara, wanasema ni za kishenzi, na kambini hazitajengwa kamwe.

Kisha tumbo la mama likawa kubwa, na asubuhi moja akaenda hospitali akitembea kwa miguu yake, baba akimbebea kifurushi. Hakurudi. Nyumba ilijaa watu. Mimi nilipelekwa kwa jirani aliyenipa uji wenye sukari, nikajua kuna jambo, kwa sababu sukari haikuwa kitu cha kupewa mtoto bure. Niliporudishwa nyumbani, mikeka ilikuwa imekunjwa, na shangazi mmoja aliniambia kwamba mama amekwenda kwao kupumzika na mtoto. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kifo hakikusemwa mbele ya mtoto mdogo. Muda si mrefu akaja bibi, mama yake mama, tuliyemwita Kambo, juu ya lori la samaki kutoka Kasenga. Nilimuuliza kama amemwona mama kule. Alifungua fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akalifunga tena.

"Tulipishana mu njia," alisema.

Nilimwamini. Barabara ya Kasenga ilikuwa ndefu, na malori yalikuwa mengi.

Baba hakukaa kambini baada ya hapo. Alipata kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba nje ya mji, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari la kukokotwa na maksai, mtu mpole, mwenye upara uliochubuliwa na jua, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kipara. Alifuga ng'ombe wa maziwa na kuuza maziwa mjini. Tulihamia huko, baba, Kambo na mimi, katika kibanda cha wafanyakazi. Nakumbuka safari ile kama mtu anavyokumbuka kitu alichosimuliwa. Miti ilipita. Maksai walikojoa wakitembea. Kambo alinishika mkono njia nzima na mimi sikuuhisi mkono wake. Mguu ukiukalia sana hufa ganzi, unaugusa unaona kama wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na sikujua kwamba ni vibaya, maana hakuna mahali palipouma.

Bwana Kipara alikuwa na gazeti la wakulima alilotumiwa na ndugu yake aliyehamia Amerika. Ndani yake mlikuwa na picha za mabanda ya duara, makubwa kama makanisa, yenye paa zilizochongoka. Alimwonyesha baba, na baba jioni alitusimulia alivyoelezwa. Ukichukua matofali yaleyale, ukijenga duara unapata nafasi kubwa kuliko ukijenga mraba. Upepo haukuti mahali pa kusukuma. Unateleza tu ukapita. Katikati unasimamisha mnara wa kuhifadhi mahindi mabichi yaliyokatwakatwa, majani na mabua na yote, yachachuke humo mpaka kiangazi, nyasi zikikauka. Ng'ombe unawafunga kuuzunguka mnara, vichwa ndani, mikia nje. Mtu mmoja anasimama katikati na kuwalisha wote bila kutembea mbali, na samadi yote inaangukia mfereji mmoja unaozunguka ukuta. Baba alieleza haya kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, akichora kwa kijiti kwenye majivu ya jiko. Kambo alisikiliza, akasema kwamba wazungu wamewafukuza watu katika nyumba za duara, sasa wanaweka ng'ombe humo. Hakusema kwa hasira. Baada ya hapo alikwenda kulala.

Mimi katika yote hayo nilisikia neno moja tu, kwamba baba atajenga nyumba ya duara.

Walianza na kigingi. Baba alikipiga chini katikati ya uwanja uliosafishwa, akafunga kamba, akaenda na ncha ya kamba akiinama na kuchora udongo kwa chuma, akizunguka polepole mpaka akafika alipoanzia. Mstari ulikutana na mstari. Nilikuwa nimeketi na Kambo karibu na rundo la mawe, na Kambo akasema ndivyo babu yangu alivyopima nyumba alimozaliwa mama, ila kamba yake ilikuwa fupi. Udongo wa matofali walichimba kwenye kichuguu, kimoja kati ya vile vikubwa vya kwetu vinavyopita kimo cha nyumba, vyenye miti iliyoota juu yake. Udongo wa mchwa hushika vizuri. Matofali yake yalitoka tanuruni yakiwa mekundu, na ukiyagonga yalilia kama sahani. Kichuguu kilipungua siku hadi siku na banda likapanda, mpaka nikaona kama lilikuwa limehamishwa tu kutoka pale hadi hapa.

Kugeuza ukuta hakukuwa rahisi. Tofali limenyooka, na ukuta unataka kupinda. Baba na mwashi mwenzake, kijana wa Sakania aitwaye Kabwe, walizoea kuta zilizonyooka za kambi, na walibomoa walichojenga mara kadhaa kabla ya kuelewa namna ya kuyapanga matofali yakabana kwa ndani na kuachia kwa nje, nafasi ile wakaijaza chokaa. Paa lilikuwa baya zaidi. Mabati, ambayo sisi tuliyaita manjanja, yalipaswa kukatwa yawe mapana chini na membamba juu, na mbao zote zilikutana juu ya mnara kama vidole vya mtu anayechota unga. Kabwe, aliyependa maneno, alisema kazi yote ina faida moja, shetani hatapata pembe ya kujificha humu. Baba hakucheka. Kabwe akaomba radhi kwa sauti ya chini, nami sikuelewa kosa lake lilikuwa nini.

Siku moja walipokuwa wakijenga vyumba vidogo upande wa mashariki, vilivyotengwa kwa kuta fupi, nilimsikia Kabwe akiuliza vya nini hivi tena, wakati ng'ombe wote watafungwa katikati. Baba alijibu akiwa na mwiko mkononi, bila kugeuka.

"Humu batakaa bamama na batoto babo. Wenye kutoka kuzaa. Kunapaswa kuwa kimya na kusipite upepo."

Wakubwa wangejua mara moja kwamba anasema juu ya ng'ombe. Mimi nilikuwa mtoto ambaye mama yake alikwenda kuzaa. Sikuruka kwa furaha. Furaha ilikuwa mbali kama kila kitu kingine. Lakini jambo lilikaa mahali pake kichwani, kama tofali linavyokaa. Nyumba ya duara, aliyoiomba. Chumba kisichopita upepo, kwa ajili yake na mtoto. Nilielewa kwa nini tumetoka mjini, na kwa nini baba hasemi. Alitaka imalizike kwanza. Nami sikusema. Kila jioni, wafanyakazi wakiondoka, niliingia humo kuona imefika wapi.

Walipomaliza, walowezi wa jirani walikuja Jumapili na wake zao kuliona. Walizunguka nje, wakaligonga kwa fimbo, wakaingia na kutazama juu, ambako paa lilikwenda giza. Mmoja alimuuliza Bwana Kipara atafanya nini ng'ombe wakiongezeka, kwa kuwa nyumba ya pembe unairefusha upande mmoja, lakini duara ukishalifunga limefungwa. Bwana Kipara alisema atajenga la pili. Hakulijenga. Miaka iliyofuata aliongeza kibanda cha mraba kikaning'inia ubavuni mwake kama kidole cha sita, na hakuna mlowezi aliyemwiga. Nikiwa mtu mzima nilisoma kwamba hata kule Amerika ilikuwa hivyo. Mabanda ya duara yalipendwa kwa muda, watu wakayasifu magazetini, kisha mashine zikaja na mbao zilizonyooka zikawa rahisi, wakarudia pembe. Leo banda letu halipo. Watu walibeba matofali kidogo kidogo wakajengea nyumba zao, na siwalaumu, yalikuwa matofali mazuri. Lakini Jumapili ile lilikuwa jipya, limepakwa chokaa ndani, na mnarani mahindi ya kwanza yalishaanza kuchachuka.

Kesho yake ng'ombe wangeingizwa. Mimi sikujua. Alasiri ya Jumapili ileile nilitoa mkeka wa mama chini ya kitanda cha Kambo, na sufuria yake ndogo yenye mkono uliopinda, na kikwembe chake cha buluu, nikavibeba mpaka chumba cha mashariki. Nikafagia. Kulikuwa na pembe mbili pale kuta fupi zilipokutana na ukuta mkubwa, nikapiga magoti nikazifagia kwa mkono ili asinung'unike. Nikatandika mkeka, nikaweka sufuria, nikaketi. Jua liliingia kupitia dirisha dogo, likashuka ukutani, likafika kwenye magoti yangu. Ndani kulikuwa na joto na harufu ile ya mahindi. Sikuwa na haraka.

Baba alikuja kutazama kama saruji ya mfereji imekauka. Nilisikia hatua zake zikizunguka, zikija kutoka mbali ingawa alikuwa karibu, maana sauti katika nyumba ya duara hutembea na ukuta. Alisimama nyuma ya ukuta mfupi. Aliona mkeka kwanza, kisha sufuria.

"Unafanya nini humu, mama?" aliuliza. Aliniita mama, kama baba za kwetu wanavyowaita binti zao.

"Niko nangojea mama na mutoto."

Alivuka ukuta, akaketi chini, si juu ya mkeka bali kwenye sakafu, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Mikono yake ilikuwa na chokaa iliyopasuka.

"Hii nyumba iko ya ngombe," alisema. "Mama yako hatarudia. Alikufa ku lupitalo, ile siku. Shiye wakubwa tulikufichaka."

Nilimuuliza mtoto je. Akasema naye pia. Nilimuuliza alikuwa mvulana au msichana, akasema msichana. Nikasema ndiyo. Nakumbuka nilisema ndiyo, kama vile nimetumwa dukani. Kisha nikamuuliza kama nikunje mkeka, kwa kuwa ng'ombe wangeuchafua, na baba akasema tuuache kwanza. Tulikaa juu ya sakafu ile mpaka jua lilipotoka dirishani. Hakunikumbatia. Hatukuwa watu wa kukumbatiana, na nadhani angenigusa asingeweza kuinuka.

Asubuhi ng'ombe waliingia, wakisita mlangoni, wakavutwa mmoja mmoja na kufungwa, na ilikuwa kweli kama gazeti lilivyosema, vichwa vyote vilielekea mnarani na mtu mmoja akawalisha wote. Bwana Kipara alishikana mkono na baba mbele ya watu, jambo ambalo wazungu hawakulifanya, na wafanyakazi walipiga makofi. Baadaye wiki ile ng'ombe mwekundu alizaa katika chumba cha mashariki. Nilikwenda kumtazama akimlamba ndama. Watu walinipisha kwa upole, maana Kambo alikuwa ameshawaambia, wakanitazama mimi kuliko ndama. Sikulia. Sikulia siku ile, wala iliyofuata. Wanawake wa kambi ya shamba walisema nina roho ngumu. Kambo alisema hapana, ila aliacha kula vizuri, na mwishowe akamwambia baba kwamba mtoto hawezi kumlilia mtu ambaye hajaona alipolazwa, anipeleke.

Tulikwenda na lori la maziwa, baba na mimi, tumeketi kati ya mapipa. Makaburi ya watu weusi yalikuwa pembezoni mwa mji, nyuma ya reli, uwanja mpana wa vilima vidogo vya udongo. Mvua mbili zilikuwa zimepita tangu wakati ule. Misalaba ya miti ilikuwa imeliwa na mchwa, mingine imeanguka, mingine imebaki vijiti tu, na namba zilizoandikwa kwa lami zimekwenda na mti. Baba alitembea mbele. Alifika mahali akasimama, akarudi nyuma, akahesabu kwa midomo, akaenda tena. Alivua kofia akaivaa. Niliona shingo yake ikiloa jasho. Mwishowe alisimama baina ya vilima viwili vilivyofanana, akakitazama hiki na kile, kisha akanyoosha mkono.

"Iko hapa," alisema.

Nikatupa udongo, kama alivyonielekeza. Nilikuwa bado na ganzi. Lakini sasa ilikuwa na mahali pa kwenda, na kila mwaka, Siku ya Wafu ilipofika, tulikwenda nayo pale. Tulipalilia kilima kile, tukakipandishia udongo, baba akakizungushia matofali aliyochoma mwenyewe. Sikumuuliza kama ana hakika. Nilikuwa nimemwona akisita, na mtoto anayeona hivyo hujua. Nilijua nikakaa kimya, naye akajua kwamba ninajua, na tuliishi hivyo miaka mingi, Kambo akafa katikati yake akazikwa kwao.

Nilikuwa msichana wa kuvaa kitambaa kichwani tulipowakuta watu kaburini. Walikuwa familia ya Kasai, mama mmoja mnene aliyevaa nguo za kanisani na watoto wake wawili wakubwa, wamekuja na maua ndani ya kopo. Walikuwa wameketi juu ya matofali ya baba. Mama yule alituamkia vizuri, akatuuliza sisi ni wa kaburi gani. Baba naye akauliza, kwa heshima, aliyelala hapo ni nani. Mama yule akasema ni mume wake, aliyefia kazini. Walihamishiwa mbali, Jadotville na kwingine, na hawakuweza kuja mpaka sasa. Alikuwa na alama yake, jiwe jeusi lililozikwa kichwani, ambalo mkwewe alilitia siku ya maziko. Mwanawe alikuwa ameshafukua kidogo. Jiwe lilikuwepo.

Akasema wameshangaa sana kukuta kaburi limetunzwa, na kwamba tangu asubuhi wanaomba Mungu awaonyeshe aliyefanya hivyo wamshukuru.

Baba alisimama na jembe mkononi. Aligeuka akatazama kilima cha pili, kile cha jirani, ambacho hatukuwahi kukigusa, kilichoshuka sasa hata kikawa karibu sawa na ardhi, majani yamekifunika. Akatazama kinachofuata, na kinachofuata. Mdomo wake ulifunguka akataka kuwaambia kitu, labda kuomba msamaha, na kilichotoka hakikuwa neno. Sikuwahi kumsikia baba akilia. Alilia wima, mikono imeshuka, kama mtu anayeita ng'ombe kutoka mbali.

Mama yule wa Kasai aliinuka. Nadhani alielewa yote kwa mara moja, kwa sababu hakuuliza. Alijifunga kikwembe vizuri kiunoni, akayaacha maua.

"Ni wa upande gani, baba?" aliuliza. "Huu ao ule? Haizuru. Tutalima yote. Shiye bote."

Wanawe wakaanza kung'oa majani kwa mikono kwenye kilima cha pili. Nilikwenda kwa baba, nikalitoa jembe katika vidole vyake kimoja kimoja, maana alikuwa amelikaza, na vilikuwa vya moto, na nilivihisi. Nikaenda nikaanza kulima kilima kile upande wa miguu.